Chakula Kinachomalizikia Mezani

Familia inayosafiri pamoja hugombania tumbo kuliko kitu kingine chochote. Chumba kibaya huvumiliwa, ndege ikichelewa watu husinzia vitini. Lakini ifike saa nane mchana, bibi anataka kitu chenye pilipili, mjukuu hataki hata harufu yake, baba anasema chakula kilichotiwa sukari hakili: hapo hakuna mvumilivu. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba kwa familia yenye vinywa tofauti kama yangu, sijaona meza zinazofaa kuliko za Thailand na Vietnam. Sababu haiko kwenye viungo wala bei. Mpishi wa kule hamalizi kupika. Hatua ya mwisho anamwachia mlaji.

Keti kwenye kibanda chochote cha supu ya tambi Bangkok, hata kile chenye meza za bati na viti vya plastiki. Mbele yako utakuta kikasha chenye vikombe vinne: sukari, pilipili kavu ya kusaga, siki iliyolowekwa pilipili, na mchuzi wa samaki wenye vipande vya pilipili mbichi. Bakuli linaletwa likiwa na supu iliyochemka vizuri, yenye ladha, ila imeachiwa nafasi. Unaonja kwanza, halafu unaamua. Mama yangu, ambaye Tanga hali wali bila pilipili pembeni, alitia pilipili kavu vijiko viwili na siki juu yake. Kitinda mimba wangu alitia sukari kidogo akanyamaza na bakuli lake. Mume wangu hakugusa sukari, akaongeza mchuzi wa samaki. Bakuli zilitoka sufuria moja, kila mtu akala chake, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Huo mchuzi wa samaki unastahili maneno mawili, kwa kuwa ndio chumvi ya nchi zote mbili. Dagaa na chumvi hufungiwa mapipani miezi mingi, mara nyingi mwaka au zaidi, mpaka samaki wayeyuke, kisha yanachujwa maji ya rangi ya chai. Kwa Vietnam sifa kubwa ni ya kisiwa cha Phú Quốc. Ukiunusa ndani ya chupa unaweza kukimbia. Ukiuchanganya na ndimu, sukari, kitunguu saumu na pilipili, harufu inatulia na kubaki utamu wa bahari. Sisi dagaa tunaanika na kukaanga, wao wanavundika. Watu wa pwani tusingepaswa kuona ajabu hata kidogo.

Yapo mapishi ambayo hayasubiri meza, na hapo lazima useme mapema. Som tam, saladi ya papai bichi, hupondwa mbele yako kwenye kinu cha udongo kwa mchi wa mti: pilipili na kitunguu saumu kwanza, kisha maharage mabichi, nyanya, uduvi, karanga, ndimu, sukari ya mnazi, mchuzi wa samaki, na mwisho papai lililochanwa nyuzi nyuzi. Mwenye kinu hukuuliza utakula pilipili ngapi, na jibu lako lichukuliwe kwa uzito. Ni chakula cha Laos na cha Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako hukiandamanisha na wali wa kunata unaofinyangwa tonge kwa mkono. Mama alipoona watu wanakula kwa mkono aliweka kijiko chini kwa furaha. Lakini jambo lililonishika mimi ni kwamba papai na pilipili vyote viwili asili yake ni Amerika, vilifika Asia baada ya safari za Wareno na Wahispania. Mambo tunayoyaona ya asili kabisa ya watu hawa ni ya karne chache tu, na waliyafanya yao kwa kuyaponda na vyao. Mapapai kwetu yanaozea mitini. Yakiwa mabichi tunayachukulia dawa ya kulainisha nyama, basi.

Tom yum, supu ya Kithai yenye uchachu na pilipili, nayo haina haja ya kusifiwa na mimi. Ile ya kamba UNESCO iliiingiza mwaka 2024 katika orodha yake ya urithi wa tamaduni. Nitasema tu kilichomo: mchaichai, khulinjani, majani ya mlimau wenye tunda la makunyanzi, pilipili, ndimu, kamba. Tazama orodha hiyo vizuri. Mchaichai tunao nyuma ya nyumba, na kazi tuliyoupa ni chai. Ndimu tunayo, kamba tunao. Khulinjani iko kwa wauza dawa, tunaitafuna kikohozi kikitushika. Hatujawahi kuvikutanisha kwenye sufuria moja.

Sisi ni Waislamu, na najua swali la kwanza la msomaji mwenzangu litakuwa nguruwe. Yupo, tena sana, hasa Vietnam, na mafuta yake huingia hata usipomwona. Kwa hiyo hatukula kila kitu, wala simshauri mtu ale kwa kufumba macho. Lakini anayesema Mwislamu atashinda njaa kule hajui nchi hizo. Thailand ina Waislamu wake, wengi wakiwa mikoa ya kusini kama Pattani, Yala na Narathiwat, na Bangkok ina misikiti ambayo vichochoro vyake vimejaa vyakula. Hapo tulikuta khao mok gai, wali wa manjano wa kuku ambao Mswahili akiuona haulizi jina, ataita biriani na kunawa. Tulikuta roti inayochapwa na kutandazwa kwenye kikaango kipana, inakunjiwa ndizi ndani na kumiminiwa maziwa mazito ya kopo; watoto waliidai kila jioni. Na tulikuta massaman.

Massaman ni mchuzi wa nyama au kuku, viazi, karanga na tui la nazi, ulioungwa kwa iliki, mdalasini na karafuu pamoja na mchaichai. Unahusishwa na Waislamu waliofanya biashara na ufalme wa zamani wa Ayutthaya, wakiwemo Waajemi. Mwanamfalme aliyekuja kutawala kama Rama II kuanzia 1809 aliutaja katika shairi la kusifu mapishi, na mchuzi uliosifiwa kwa shairi la kifalme si wa jana. Mama hakuwa na habari ya mfalme wala shairi. Alionja, akafumba macho, akataja kiungo kimoja kimoja kwa mpangilio bila kukosea, akabaki na kimoja kinachomtatiza, ule uchachu wa chini. Ukwaju. Alipoambiwa ni ukwaju alikaa kimya muda mrefu, kwa sababu ukwaju anautia kwenye mchuzi wa samaki maisha yake yote na hajawahi kuufikiria kwenye nyama yenye nazi. Bahari iliyopeleka karafuu na iliki kule ndiyo hiyo hiyo iliyoleta kwetu. Hilo la viungo sikulishangaa. Nilishangaa jinsi wao walivyothubutu na uchachu.

Vietnam, kitu kinachomalizia chakula ni majani. Hata mlo wa bei ndogo huja na sahani iliyorundikwa mabichi yaliyooshwa: nanaa, kotimiri, saladi, machipukizi ya choroko, mrehani. Naam, mrehani, ule tunaousuka kwenye vikuba vya harusi na kuupenda kwa harufu. Wao wanauchuma jani jani na kuutia kwenye supu ya moto, harufu inapanda na mvuke. Kijana wangu mkubwa, ambaye nyumbani mchicha unamshinda, alikula majani mengi kuliko sisi wote, na nadhani najua kwa nini: hakuna aliyemwambia ale. Sahani ilikuwa katikati, akachagua mwenyewe, akachana mwenyewe. Mtoto anayemalizia chakula chake kwa mkono wake ana hisa ndani yake.

Bánh xèo ndiyo iliyonithibitishia. Ni uji mwepesi wa unga wa mchele, tui la nazi na manjano, unamiminwa kwenye kikaango chenye mafuta moto ukachachatika, unatandazwa kamba na machipukizi, unakunjwa ukiwa mkavu pembeni. Unakata kipande, unakifunga ndani ya jani la saladi pamoja na nanaa, unachovya kwenye mchuzi wa samaki wenye ndimu. Hakuna hata kimoja humo ambacho mpishi wa Tanga hana jikoni, ukiacha huo mchuzi.

Lakini nikiambiwa nichague mlo mmoja wa safari nzima, nitachagua chả cá ya Hanoi. Mji mkongwe una mtaa uliopewa jina la chakula hicho. Vipande vya samaki wa mtoni vilivyolowekwa manjano na khulinjani huchomwa kidogo, kisha huletwa na kikaango juu ya jiko dogo, na jiko linawekwa mezani, katikati ya familia. Unamwagiwa rundo la shibiti na majani ya vitunguu. Unakaanga mwenyewe. Tambi za mchele ziko pembeni, karanga ziko pembeni, na kuna kibakuli cha uduvi waliovundikwa, rangi ya zambarau, harufu ya kufukuza wageni. Anayekipenda anachovya, asiyekipenda anakisogeza kwa mwenzake. Mume wangu, ambaye tangu tumeoana sijamwona akishika mwiko, alisimamia kikaango kile mpaka mwisho na kumkatalia kila mtu asikiguse. Mama alikubali kile kibakuli cha zambarau mara moja. Kwa aliyekua na uduvi, hakuna kipya hapo.

Kuna wenye hoja kwamba huu ni uvivu, kwamba mpishi anayekuletea jani bichi na jiko mezani amekutupia kazi yake. Sikubaliani nao. Phở, supu ya tambi ya Vietnam, ina mifupa iliyochemshwa saa nyingi, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni kwanza, mdalasini na anisi ya nyota. Kazi imefanyika usiku, wewe umelala. Anachokuachia ni uamuzi, tena wenyewe wanabishana kiasi chake. Phở ilianzia kaskazini, Hanoi na Nam Định, mwanzoni mwa karne ya 20, na kaskazini bado wanaipenda ikiwa safi: vitunguu vya majani, ndimu au siki, pilipili kidogo. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954 watu wengi wa kaskazini walihamia kusini wakaenda nayo, na huko Saigon, ambao leo ni Jiji la Ho Chi Minh, ikaongezewa sahani ya mrehani, machipukizi na michuzi ya kumiminia. Mzee wa Hanoi anaweza kukuambia kusini wameiharibu. Tuliila Saigon, jirani na msikiti wa mtaa wa Đông Du uliojengwa 1935, ambako nyama ya halali inapatikana, na tuliila Hanoi ya mboga tupu, iliyoandikwa chay, neno ambalo Mwislamu anayekwenda kule alishike, kwa kuwa ndilo la vyakula visivyo na nyama vya Wabudha na kibao chake kiko mitaa mingi. Mimi niko na watu wa kusini. Bakuli lenye nafasi ya mkono wangu ni bakuli langu.

Nasema haya nikijua kwamba tabia hiyo haiko mbali nasi. Muuza urojo wa Unguja hufanya hivyo hivyo: bajia, kachori, viazi, mishikaki, chatne ya nazi, na swali la pilipili kabla hajakukabidhi. Muuza embe bichi na mihogo wa ufukweni Dar es Salaam anakupa chumvi na pilipili utie upendavyo, na wauza matunda wa Bangkok wanaweka pakiti ya chumvi, sukari na pilipili kwa kazi ile ile. Barabarani tunamwamini mlaji. Nyumbani na kwenye mahoteli tunamnyang'anya. Mgeni akiomba chumvi, mwenye nyumba anaona ametukanwa. Mtoto akisema mchuzi mkali, anaambiwa ana madeko. Mahoteli yetu ya pwani yana kamba, ngisi, nazi na ndimu mlangoni, kisha yanampa mgeni sahani iliyokwisha kuamuliwa kila kitu, na pilipili iko chupani, ya kiwandani. Hili linaniudhi kwelikweli.

Sitaki tupike Kithai. Nataka wali wa nazi na samaki wa kupaka viletwe na sahani ya vitu vibichi: embe, ndimu, pilipili ya kuponda sasa hivi, kotimiri, nanaa, chatne ya ukwaju. Nataka mchaichai uingie kwenye supu ya pweza. Nyumbani kwangu tumeshaanza, na watoto wameacha kulalamika juu ya pilipili kwa kuwa haiwangoji tena ndani ya sufuria.

Kwenye mrehani tu ndipo mama amenigomea. Anasema huo ni wa kichwani na kifuani, si wa tumboni, na kwamba Saigon aliula kwa sababu alikuwa mgeni. Nami namwambia alirudia sahani. Mjadala bado uko mezani, na mrehani nimeupanda.