Kanuni ya mboni inamwonea nyoka mla mayai

Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza kuna kanuni haichoki kuzunguka: nyoka mwenye mboni ya wima kama ya paka ana sumu, mwenye mboni ya duara hana. Afadhali usijue lolote kuliko kuishika hiyo. Koboko ana mboni ya duara. Swila pia. Mwenye mboni ya wima ni nyoka mla mayai, ambaye hana sumu na meno yake ni kama hayapo.

Huyu anaishi kwa mayai ya ndege tu. Humeza yai zima, kisha miiba ya uti wa mgongo iliyochomozea kooni hulipasua. Ute na kiini vinashuka, ganda lililobondeka analitema. Sasa meno ya nini?

Kinachomponza ni maigizo. Akibanwa hujikunja, magamba yake makavu yanasuguana hadi yanatoa mlio mkali, kisha anajirusha kinywa wazi, cheusi ndani. Ongeza na yale madoa ya kahawia mgongoni. Mtu mmoja akipiga kelele "kifutu!", mapanga yameshatoka.

Lakini kifutu ni mnene, kichwa kipana, mkia mfupi. Mla mayai ni mwembamba na kichwa chake hakijitengi sana na shingo. Kazi ipo kwa yule ndugu mdogo wa kifutu, mla vyura, ambaye naye ana madoa na alama ya V. Ya kwake iko juu ya kichwa, ncha ikielekea puani. Ya mla mayai iko shingoni. Na huyo mla vyura, mwenye sumu, mboni yake ni ya duara! Kanuni ya WhatsApp ingekwambia umshike.

Najua utaniuliza, nani atainama kukagua V? Asiiname mtu. Wayeye wa Kisukuma, wale wanaocheza na chatu, wana ujuzi waliorithishana. Sisi wengine tuna miguu ya kurudi nyuma. Simama mbali, vuta picha kwa simu, mtazame humo. Akiwa nje, mpishe aende zake. Akiingia ndani, toa watoto, uache mlango wazi, utafute anayejua kazi ya kumtoa. Na aliyeumwa apelekwe hospitali haraka, bila kuchanjwa chale wala kufungwa kamba, hata kama mtaa mzima unaapa kwamba alikuwa mla mayai.