Korti Haikai Leo

Saa moja unusu asubuhi niko katikati ya maji. Feri ya Likoni imejaa hivi kwamba ukipiga chafya, wa nyuma yako ndiye apanguse pua. Kwapani nimebana faili tatu, begani nimening'iniza joho la bosi, na mbele yangu kuna bwana mmoja na kuku wake wawili. Kuku mmoja amelitamani lile joho. Ananyofoa uzi, mimi navuta, yeye ananyofoa. Hapo ndipo simu ya ofisi ikalia: ting!

"Marafiki wasomi, habari za asubuhi. Mjulishwe kwamba korti haikai leo. Ahsanteni."

Basi. Korti gani? Haisemi. Haikai kwa nini? Haisemi. Itakaa lini? Ngoja Mola akupe umri. Na feri ishaacha ng'ambo ya kwetu, haiwezi kurudi nyuma kwa sababu karani wa wakili amepata ujumbe.

Dakika haijapita, rafiki msomi mmoja, ndivyo mawakili waitanavyo, akauliza, "Korti namba ngapi?" Wa pili akajibu, "Poleni sana." Wa tatu akaandika, "Amina." Hao wawili nadhani hawakusoma, waliona maneno mafupi asubuhi mapema wakajua ni tanzia.

Mimi si rafiki yao wala si msomi. Niko kwenye lile kundi la WhatsApp kwa sababu simu ya bosi imejaa picha za ng'ombe wake wa shambani, haina nafasi ya kupokea habari za korti. Kwa hivyo akaingiza simu ya ofisi, na simu ya ofisi nalala nayo mimi. Chama cha mawakili wa Kenya kipo tangu 1949, kina matawi, tawi letu lina kundi, na kundi lina mimi. Mwaka wa kumi na nne huu nafanya ukarani. Kila kinachotokea kortini mimi ndiye wa kwanza kujua na wa mwisho kulipwa.

Wajua kilichomo mle? Watu hudhani mawakili wakikutana hujadili katiba. Wapi! Wajadili maegesho. Wajadili kile chumba cha kuvalia majoho, feni yake moja, na nani kaichomoa ili achaji simu. Kila kikipangwa kikao cha mawakili na mahakimu, ajenda ya kwanza ni uboreshaji wa huduma za haki, ya pili ni choo. Wakifika kwenye choo ndipo mjadala hupamba moto.

Msimu wa uchaguzi wao ndio balaa. Kila miaka miwili huchagua viongozi, na wagombea wote wana namba ya simu ya ofisi. Alfajiri waniamsha kunitakia siku njema. Ramadhani wanitakia funga njema, Pasaka wanitakia Pasaka njema, kwa mtu yuyo huyo mmoja. Siku yangu ya kuzaliwa, mke wangu alisahau, shemeji zangu wote walisahau, lakini mgombea mmoja kutoka Nairobi ambaye hatujawahi kuonana alinipigia na kuniita "kaka mkubwa wakili." Nikamwambia mimi ni karani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bosi yuko karibu.

Lakini kinachonimaliza zaidi ni brifu. Wakili akiwa na kesi mbili saa tatu, moja Mombasa na nyingine Kwale, huandika kundini: "Rafiki yeyote aliye korti namba tatu anishikie brifu." Maana yake asimame amwakilishe. Mmoja ajibu, "Nimeshika." Kumbe naye yuko Kilifi, aandika kando kwa mwenziwe, "Nishikie ninayoshika." Mwenziwe naye ana kijana wake aliyeapishwa juzi, joho lake bado lina mikunjo ya dukani. Siku hiyo nilikuwa nimeketi nyuma kortini. Kesi ikaitwa, kijana akasimama: "Mheshimiwa, niko hapa kwa niaba ya wakili fulani anayemshikia wakili fulani, kwa upande wa mdai." Hakimu akauliza upande wa mdaiwa uko wapi. Kijana akaangalia karatasi yake, akageuza, akaangalia tena. Uso ukamwiva. "Mheshimiwa, yaonekana... yaonekana pia ni mimi."

Hakimu aliweka kalamu chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

Halafu kuna alama. Wakili wa Kenya lazima kila mwaka apate alama 5 za mafunzo ya kujiendeleza, na leseni yake hufa tarehe 31 Desemba. Sasa ifikapo mwisho wa mwaka wahangaikia alama kama watu wanavyohangaikia sukari mkesha wa Idi. Bosi wangu alikuwa na alama 3. Akapata semina ya mtandaoni ya alama 2, Ijumaa alasiri, mada: maadili ya uwakili. Akaingia, akafunga kamera, akaniambia, "Keti hapa. Skrini ikizima, gusa." Akaenda kuangalia ng'ombe.

Nikaketi. Nikagusa. Mwenzangu wa ofisini akaniletea viazi vya karai, nikawa nala huku nagusa. Mtoa mada alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kuchoma, akawa asema kwamba uaminifu wa wakili huonekana pale asipoangaliwa. Mimi natikisa kichwa, kweli kabisa. Mara akataja jina la bosi: "Wewe una uzoefu wa miaka mingi, hebu tupe maoni yako." Kiazi kikanikwama. Nikabonyeza pasipostahili, sauti ikafunguka, na mawakili 200 na kitu wakasikia mtu akikohoa, kisha sauti ya mwenzangu kwa nyuma: "Ongeza ukwaju?"

Kimya. Yule mama akasema, "Naona mwenzetu ana tatizo la mtandao." Bosi alipata alama zake 2 za maadili. Mimi nilipata kwikwi hadi Jumapili.

Na mtandao wenyewe ni hadithi. Zamani mimi nilikuwa mtu. Nikiingia rejistri, ile ofisi ya faili za korti, wananijua, mhuri nausikia ukigonga ta! ta! ta!, faili ikipotea najua kabati gani hupotelea. Tangu 11 Machi 2024 mfumo wa kufaili mtandaoni ukatangazwa kwa korti zote nchini, na wengi washukuru, nami sikatai, hakuna tena kupanga foleni na lundo la karatasi. Shida ni ofisini kwetu. Intaneti yetu hutoka kwa jirani mwenye duka la simu, naye akigombana na bosi huizima. Mashine ya kuskani nayo ni ya umri wangu. Mara moja nikaskani hati ya kiapo na viambatisho vyake, kurasa 84, nikapakia, nikalipa, nikaenda zangu nyumbani kama mwanamume. Siku ya kesi hakimu akafungua kwenye skrini, akainamisha kichwa bega la kushoto, akainamisha la kulia. "Wakili, mahakama hii isimame kwa kichwa?" Kurasa zote 84 zilikuwa juu chini. Bosi akanigeukia mbele za watu. Yeye aliyesaini kila moja hakuona, mimi niliyeweka ndiye kipofu.

Haya. Turudi kwenye feri, maana kuku bado ananyofoa.

Moja katika zile faili tatu ni ya Mama Madafu. Jina lake silitoi, lakini ukipita barabara ile utamjua, mkokoteni wake ndio uliopakwa rangi ya bluu. Tuktuk iliugonga ukaingia mtaroni, madafu 120 yakabiringika barabara nzima. Watoto wa mtaa walipofika, ushahidi wote waliunywa. Adai shilingi 64,000. Kesi yake iko Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyowekwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021 kule Milimani, Nairobi, kabla ya kusambaa. Madai yasizidi shilingi 1,000,000, na hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kufaili.

Hizo siku 60 aliambiwa na redio. Laiti redio ingenyamaza! Ana kalenda ya duka la jumla, yenye picha ya Makka, na kila jioni akirudi aikata siku kwa kipande cha mkaa. Kisha anipigia.

"Mwanangu, leo ya thelathini na nane."

"Naam, mama. Twaifuatilia."

"Mwaifuatilia yaenda wapi?"

Mara ya kwanza ilipoitwa, mwamuzi alikuwa mafunzoni, tangazo likaja kundini saa tatu kasoro dakika mbili. Mama alikuwa ashafika, amevaa buibui jipya. Mara ya pili ni sisi, sikufichi: bosi alikuwa na kesi nyingine, akaomba kushikiwa brifu, na aliyeshika alishikisha, hadi ikashikwa na mtu ambaye hatujamjua mpaka leo. Ikapangwa tarehe nyingine. Nikaagizwa nimwambie mama kwamba ni mapumziko ya korti. Kweli Mahakama Kuu ina mapumziko yake, 1 Agosti hadi 15 Septemba, na tena 21 Desemba hadi 13 Januari, na ya Pasaka. Lakini ile si Mahakama Kuu, na ule ulikuwa mwezi wa Juni. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hao wafunga shule pamoja na watoto?"

"Naam, mama."

"Mbona wajukuu wangu wako darasani?"

Nikajifanya simu yakatika. Nilikuwa napuliza kwenye simu kwa mdomo, fuuu, fuuu. Akaniambia, "Acha kupuliza, utapata kizunguzungu."

Na kuna jambo ambalo bosi hakumwambia, nami sikuulizwa: korti ile mtu aweza kwenda mwenyewe, akajisemea kwa lugha yake ya kawaida. Haikufungwa na yale masharti magumu ya ushahidi. Lakini ukimwambia mteja hilo, mshahara wangu watoka wapi?

Sasa leo ni siku ya 53, tumepangiwa saa tatu. Bosi akanipigia nikiwa bado feri haijafunga. "Umeona tangazo? Haikai. Rudi zako ofisini. Mjulishe mteja."

Nikashuka Mombasa, nikapiga simu ya mama. Imezimwa. Hana WhatsApp, ana kile kisimu cha tochi, na akienda kortini hukizima tangu nyumbani kwa heshima ya hakimu. Nikasema basi, atafika, ataambiwa haikai, atarudi, jioni nitasikia ya kusikia. Nikaenda ofisini, nikaagiza mahamri na mbaazi, nikaanza kushona joho pale kuku alipotoboa.

Saa nne na robo: ting!

"Marafiki wasomi, masahihisho. Isiyokaa ni korti namba mbili pekee. Nyingine zote zakaa kama kawaida. Samahani kwa usumbufu." Na chini yake yule yule: "Amina."

Hamri ikaanguka kwenye mbaazi. Nikampigia bosi, hashiki, yuko kwa ng'ombe. Nikaandika kundini kwa mikono inayotetemeka, nikijifanya yeye: "Rafiki yeyote aliye Madai Madogo anishikie brifu." Watu kumi na wanane wakasoma. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Sijui maana yake ni amekubali au amefurahi.

Saa tano unusu simu ikalia. Ni mama, na nyuma yake nasikia watu wakicheka na panga likikata dafu.

"Mwanangu, mko wapi?"

"Mama, kulitokea tangazo..."

"Yamekwisha. Yule kijana wa tuktuk amekubali, alipa 50,000 kwa mara mbili, ya kwanza mwisho wa mwezi huu. Mwamuzi ameandika, tumetia saini. Nusu saa haikufika."

"Alhamdulillahi, mama! Na hukuogopa kusema mwenyewe?"

"Niogope nini? Aliniuliza nilikuwa na madafu mangapi, nikamwambia. Akaniuliza bei, nikamwambia. Halafu akatazama faili akaniuliza, mama, hapa nimeona una wakili, yuko wapi?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ninaye, lakini leo hakai."