Rejesta ya Zahanati Haimwoni Asiyefika

Kila likitolewa pendekezo la kutathmini mahitaji ya afya vijijini, pingamizi huwa lile lile: ya nini kuuliza kinachojulikana? Watoto wanaugua malaria na nimonia, akina mama wanajifungulia nyumbani, dawa hazitoshi. Basi fedha za dodoso zinunue dawa. Hoja hii ina uzito wake. Zipo jamii zilizohojiwa hadi zikachoka: wanakuja vijana na vishikwambi, wanauliza idadi ya vyoo na vyandarua, wanaondoka, na harudi hata mmoja kueleza walichokiona. Na muuguzi aliyekaa miaka mingi kwenye zahanati anajua mengi kuliko mshauri wa wiki mbili.

Ila muuguzi huyo anamjua aliyefika. Fungua rejesta ya wagonjwa wa nje, upitishe kidole kwenye safu ya makazi badala ya safu ya ugonjwa. Vijiji viwili vitatu vya jirani vitajirudia ukurasa mzima. Kile cha ng'ambo ya mto kitatokea mara moja, pengine kisitokee kabisa. Mpanga mipango mwenye haraka atakiona kuwa kijiji chenye afya njema, na mgao wa dawa ukifuata rejesta, wao ndio watakaopunjwa. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa Wales, aliandika kwamba huduma nzuri huelekea kuwa haba pale hasa inapohitajika zaidi. Kupanga kwa rejesta peke yake ni kuuendeleza upungufu huo, tena kwa nia njema.

Halafu kuna zile kilomita 5. Mipango mingi humhesabu anayeishi ndani ya umbali huo kuwa amefikiwa na huduma. Unachora duara kwenye ramani, unahesabu paa zilizomo, kazi imekwisha. Lakini duara halina mto wala korongo. Kilomita 5 za ramani zaweza kuwa 9 za miguu. Hata zikiwa 5 kamili, kijana mwenye nguvu atazimaliza kwa saa moja, wakati mjamzito anayekwenda kilomita 3 kwa saa atatumia saa 1 na dakika 40, bila kupumzika. Aliyejifungua na anavuja damu nyingi anaweza kufariki ndani ya saa 2, na huyo hatembei, anabebwa. Anabebwa na nani usiku? Kwa nauli ya nani, kwa ruhusa ya nani? Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine, watafiti wa vifo vya uzazi, walitaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika, na kuhudumiwa ukishafika. Rejesta huanza kuandikwa aina mbili za kwanza zikiwa zimeshapita, kwa waliobahatika kuzivuka.

Kuhusu gharama, pingamizi limekuzwa mno. Si lazima kuhoji maelfu ya kaya. Ipo njia iliyoazimwa kwa wakaguzi wa bidhaa viwandani, ambayo kwa kawaida huchukua sampuli ya watu 19 kwa kila eneo. Haikupi asilimia za kujivunia kwenye ripoti, lakini inatosha kutenganisha eneo lililofikia lengo na lililoachwa mbali.

Kinachoharibu tathmini nyingi ni ratiba. Robert Chambers, mtafiti wa maendeleo ya vijijini, alishalalamika tangu mwaka 1983 kwamba wageni hutembelea vijiji vya kando ya lami, tena kiangazi. Atakayekwenda mvua zikinyesha ataona njia ambayo mgonjwa anaiona.

Pale wapinzani wanaposema watu wamechoshwa na maswali, hapo sina la kuwajibu isipokuwa masharti. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa makao makuu, na fedha za hatua ya kwanza zitengwe kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Pasipo hayo mawili, wanakijiji wana haki ya kugoma kujibu.