Mshahara wa ughaibuni na kompyuta ya 1982

Maprograma wenzangu walioko nyumbani wananiuliza swali lilelile: nije huko au nibaki hapa? Wengi wanategemea nitaanza na mshahara. Mimi naanza na upana wa kazi.

Nyumbani programa ni kila kitu. Unaandika programu, unasimamia hifadhidata, unafunga seva, na printa ikigoma unaitwa wewe. Huku nilipewa kipande kidogo cha mfumo mkubwa, nikakichimba hadi chini, na kila mstari niliouandika ukakaguliwa na wenzangu kabla haujaingia. Mtindo huo umenifunza nidhamu ambayo sikuwa nayo: kuandika majaribio, na kuandika programu ambayo mwingine ataielewa hata nikiwa nimeshaondoka. Ila naona pia watu waliokaa muda mrefu kwenye kipande kimoja wasijue chini yake kuna nini. Kampuni ikibadilisha zana, wanabaki mikono mitupu.

Ndiyo maana nazitetea kompyuta za zamani, na naumia nikisikia zikiitwa upotezaji wa muda. Nyumbani tulifufua mashine kuukuu kwa sababu hapakuwa na nyingine. Huku nimekuta watu wazima wenye kazi nzuri wakimaliza Jumamosi nzima juu ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, kwa mapenzi tu. Mashine hiyo ilitoka 1982 ikiwa na memori ya kilobaiti 64, na ukiiwasha inakuambia umebakiwa na baiti 38911 za kuandikia programu ya BASIC, lugha rahisi ya programu iliyokuja nayo. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kuingia humo. Kichakataji chake, 6510, kina rejista (vijisanduku vya kushikia namba zinazofanyiwa kazi) tatu tu za kufanyia kazi: A, X na Y. Ukikiandikia kwa lugha ya mashine huna pa kujificha. Lazima ujue kila baiti imekaa wapi na kwa nini.

Kuitengeneza ni darasa lingine. Pawasaplai yake ya asili ni boksi zito lililojazwa resini ndani, kwa hiyo joto halina pa kutokea. Kidhibiti cha volti kikifa, volti 5 inazotoa hupanda, na chipu za memori zinaungua wewe ukiona skrini nyeusi tu. Anayeijua haichomeki kwanza. Anashika mita ya kupimia umeme, anagusa pini, anasoma namba, ndipo anaamua. Tabia hiyo nimeingia nayo kazini. Seva inapolemewa usiku wa manane wapo wanaokimbilia kuzima na kuwasha. Mimi nauliza kwanza vipimo vinasema nini. Sisi tuliokulia kwenye uhaba tunakuja na ujuzi huu mkononi, halafu tunauficha kwenye usaili kwa kuuonea haya. Usiufiche. Simulia mashine uliyoifufua na jinsi ulivyoligundua tatizo.

Sasa fedha. Kampuni nyingi kubwa za teknolojia huongeza hisa juu ya mshahara, na kwa kawaida hisa hizo hugawanywa kwa miaka 4. Kwenye baadhi ya kampuni hupati hata moja kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Mgeni anaiona ile jumla kwenye ofa na kuanza kuipangia matumizi. Bado si yake. Na kama kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri, hatari ni kubwa zaidi: Marekani, mwenye viza ya kazi ya H-1B akipoteza kazi hupewa muda usiozidi siku 60 kupata mwajiri mwingine, kubadilisha hadhi ya viza au kuondoka. Mshahara, hisa na kibali, vyote vinategemea kampuni moja. Maprograma waliolimbikiza hisa za teknolojia waliona uchungu wake baada ya Machi 2000, pale Nasdaq, kipimo cha bei za hisa za Marekani kilichojaa kampuni za teknolojia, ilipofika kilele, kisha ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kufikia Oktoba 2002. Kilele kile hakikufikiwa tena hadi 2015.

Msimamo wangu ni kuuza hisa za mwajiri zinapoingia mkononi, kulipa kodi, na kinachobaki kukitawanya kwenye mfuko wa uwekezaji unaofuata soko zima la hisa kwa ada ndogo. John Bogle wa Vanguard, kampuni ya mifuko ya uwekezaji, aliwafungulia watu wa kawaida mfuko unaokaribiana na huo, unaofuata kampuni 500 kubwa za Marekani, tangu 1976. Ada inastahili hasira yetu. Fedha inayokua kwa asilimia 6 kila mwaka huwa karibu mara 5.7 ikifika miaka 30. Msimamizi wa mfuko akikata ada ya asilimia 1 kila mwaka, unaishia mara 4.3. Tunakesha kupunguza milisekunde kwenye programu za watu, halafu hatusomi ukurasa wa ada wa fedha zetu wenyewe!

Lakini kuna jambo ambalo walioko nyumbani wananizidi. Programa mwenye wateja wake kadhaa wanaolipa kila mwezi hawezi kufukuzwa kazi na mtu mmoja. Kinachomlisha ni mali yake, na mshahara wangu mnono haujanipa hilo. Mtu wa namna hiyo akiniuliza kama ahame, namwambia afikiri mara mbili. Aliyekwama kwenye ajira isiyomfunza kitu, huyo aje, aombe kazi iliyo karibu na chini ya mfumo, kwenye hifadhidata au mitandao, na aweke akiba ya miezi sita kabla ya kugusa hisa yoyote.

Na asinunue kompyuta za zamani akidhani anawekeza. Kapasita, vile vipande vya kuhifadhi chaji kwenye ubao, zinavuja. Betri iliyochomelewa kwenye ubao wa Amiga 2000, kompyuta nyingine ya Commodore, ikivuja, alkali na chumvi zake hula njia za shaba hadi ubao ufe. Hii ni mali inayojila yenyewe kabatini, inayotaka mtu wa kuifungua na kuihudumia. Kama unayo moja na unasafiri, itoe hiyo betri kabla hujapanda ndege.