Rangi Nne Zinaitosha Lamu

Picha nyingi za Lamu zinazochorewa wageni zinawaka mno. Bahari ni buluu kama ilivyotoka kwenye tyubu, mikoko nayo kijani cha tyubu, na machweo yamemwagiwa kila nyekundu na zambarau aliyokuwa nayo mchoraji. Mimi nasema rangi nne zinatosha: nyeupe, buluu ya ultramarini, manjano ya udongo na hudhurungi nyekundu.

Wazo lenyewe la kale. Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki mwaka 1920, anajulikana kwa kutumia nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo na nyekundu. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu, na kijivu hicho kikikaa karibu na rangi za moto, jicho hukiona buluu. Ujanja mzuri, ila si wa kwetu. Bahari ya Shela, kijiji cha pwani kisiwani Lamu, saa sita mchana, maji yakiwa yamejaa, haikubali kijivu. Ndiyo maana nyeusi naiacha, naweka ultramarini.

Hapo sasa ndipo utamu ulipo. Buluu na manjano ya udongo huzaa kijani kilichopoa, na hicho ndicho kijani cha mikoko ukiitazama kwa mbali. Buluu na hudhurungi hutoa giza lenye uhai kuliko nyeusi ya dukani: kivuli cha ndani ya daka (kibaraza cha mlangoni pa nyumba), ubavu wa jahazi. Mchanga wa vilima vya Shela ni nyeupe, manjano kidogo na hudhurungi ya kudokoa tu. Kwa kuwa kila rangi ina damu ya jirani yake, picha haigombani.

Kazi ngumu ni kuacha vitu. Finya macho mpaka kamba, nguzo na vichwa vya watu vipotee, vibaki vipande vinne: mbingu, ukanda wa mikoko, maji, mchanga. Kipi king'avu zaidi? Wengi hujibu mbingu bila kutazama. Mchana wa jua kali, mara nyingi ni mchanga. Ukikosea hapo, hata uwe na rangi mia hazikuokoi. Tanga moja litoshe; mashua nzima yenye kamba zake zote ni kazi ya fundi wa mashua.

Wauzaji watasema mgeni hununua machweo mekundu. Haya, mchoreeni, riziki ni riziki. Lakini ukutani kwangu sitaitundika.

Ukitaka kujaribu, nunua tyubu kubwa ya nyeupe. Kwa jua letu, karibu kila mchanganyiko unaihitaji, nayo ndiyo huisha kwanza.