Mayungiyungi ya Udon Thani na ya Bahi

Kila ninapowatumia ndugu zangu wa Dodoma picha za Ziwa Nong Han Kumphawapi, jibu huwa lile lile: huko Ulaya kwenu kuna mambo, sisi hapa tuna vumbi tu. Mimi naishi Thailand, lakini kwao ng'ambo yote ni Ulaya, na sina haja ya kubishana juu ya hilo. Ninalobishia ni hilo la vumbi.

Ziwa hilo liko katika mkoa wa Udon Thani, na kati ya Desemba na Februari hufunikwa na mayungiyungi ya rangi ya waridi hadi macho yanapokoma. Maua hayo hufunguka usiku na kujifunga jua linapokuwa kali, na ndiyo maana wageni hufika gatini kabla hakujapambazuka. Utakuta bei imeandikwa ubaoni na kila abiria anavalishwa jaketi la kuokolea. Nahodha wangu alizima injini tulipoingia katikati ya maua, akavuta shina moja refu, lenye utelezi kama kambale, akanikabidhi bila neno. Hatukuzungumza tena hadi tuliporudi nchi kavu.

Machi mwaka jana nilikuwa likizo, nikamwomba mjomba wangu anipeleke katika bwawa la Sulunga, kule Bahi, ambako maji ya Mto Bubu huishia, na ambalo mwaka wa ukame hukauka kabisa. Nikiwa na akili za Udon Thani, nilimwamsha saa kumi alfajiri. Tulipofika nilikuta matumba yaliyofumba, kwa maana yungiyungi letu la buluu hungoja jua lipande ndipo lifunguke. Mjomba hakupata hasara, kwa kuwa alikuwa na nyavu za kutegua, ila mimi niliketi kwa muda wa karibu saa tatu katika mtumbwi unaovuja, bila jaketi, nikikumbata simu kifuani ili isilowe.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, wenzetu hawakutuzidi maua wala maji, bali wametuzidi maandalizi. Mtu wa Dodoma mjini, anayeweza kufika Bahi kwa gari kwa muda usiofika saa mbili, hajui ni miezi gani bwawa limejaa, amwone nani, wala alipe kiasi gani. Mimi mwenyewe, mtoto wa pale, nilitajiwa bei tatu na watu watatu kabla mjomba hajaingilia kati. Majaketi kumi na ubao mmoja wa bei havihitaji mfadhili. Hata hivyo nisingependa Sulunga iwe Nong Han, kwa sababu kule nilikuwa abiria, na hapa, kabla maua hayajafunguka, wavuvi wanne walikwisha kutusimamisha majini kuuliza habari za mama yangu, na mmoja akatutupia perege wawili.

Jua lilipopanda, buluu ikaanza kufunguka pande zote za mtumbwi. Nikainua simu. Mjomba aliyekuwa akikumba maji kwa kopo la rangi aliniangalia kwa muda.

"Mjomba," akasema, "hayo ndiyo yaliyonichania wavu wa juzi. Ukimaliza kuyapiga picha, nisaidie kuyang'oa."