Trekta dogo: nani amwage oili ya giaboksi?

Ukipita kwenye mashamba ya michungwa ya Muheza utayakuta matrekta madogo ya nguvu farasi 20 au 30, mengine mitumba ya Japani, yakifyeka majani kati ya miti au yakivuta tela lililojaa machungwa. Oili ya injini wenyewe hubadilisha bila kumuuliza mtu. Zamu ya giaboksi ikifika, ubishi unaanza. Kuna wanaosema oili ni oili, spana na beseni vikiwepo kazi imekwisha. Kuna wanaosema giaboksi haichezewi, aitwe fundi.

Wanaomtaka fundi wana hoja nzito. Kwenye gari, giaboksi ina oili yake, difu yake, na breki zina maji yake. Kwenye matrekta madogo mengi, oili moja inafanya yote: inalainisha gia na difu, inasukuma haidroliki inayonyanyua jembe, na inapoza breki ambazo zimezama humohumo ndani. Yale ya haidrostatiki, unayoyaendesha kwa kukanyaga pedali bila kubadilisha gia, yanasukumwa na oili hiyohiyo. Kwa hiyo ukikosea oili, umekosea kila mahali. Mimina namba 90 ya difu za malori uone: mikono ya nyuma inayobeba jembe inapanda kwa uvivu, breki zinaanza kulia, na zile za daraja la GL-5 zina dawa za salfa zinazoweza kula vipuri vya shaba.

Tatizo ni kwamba anayeimimina hiyo namba 90 mara nyingi ni fundi mwenyewe. Fundi wa gereji ya mjini amekulia kwenye Fuso na Hiace, na mkono wake unakwenda kwenye dumu alilolizoea. Aliyepitia karakana za mashamba ya mkonge ni habari nyingine. Huyo ukimpata mshike. Wengine wote, swali la nani ameshika spana ni dogo kuliko swali la nini kimo kwenye ndoo. Tafuta ndoo iliyoandikwa UTTO, yaani oili ya matrekta inayofanya kazi zote hizo, au yenye kiwango kilichotajwa na mtengenezaji: Kubota wana UDT, John Deere wana J20C. Nunua kwa risiti, na ndoo ambayo lakiri yake imeguswa iache palepale dukani.

Hoja ya kuokoa pesa naiona dhaifu. Marekani, ambako saa ya fundi ni ghali, mwenye trekta akijifanyia sevisi anaona tofauti mfukoni. Kwetu huku oili na filta ndizo zinazomaliza hela; trekta dogo linaweza kumeza lita 15 hadi 40 kutegemea modeli, na ujira wa fundi pamoja na nauli yake kutoka Tanga mjini ni kipande kidogo cha bili.

Sababu inayonifanya niegemee upande wa kujifanyia ni nyingine: utaona kilichotoka. Fundi ukimwachia ukaenda sokoni, ukirudi utaambiwa "tayari bosi", na oili ya zamani imeshamwagwa na siri zake. Imwage mwenyewe, trekta likiwa limetoka kazini na oili ina joto. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Pwani yetu ina unyevu, na raba ya chini ya mkono wa gia ikipasuka mvua ya masika inapita hapohapo. Kama filta yako ina sumaku, ifute kwa kidole. Uji laini wa kijivu ni ulaji wa kawaida wa gia. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole si vya kawaida, na hapo ndipo fundi anapostahili hela yake.

Kazi yenyewe haina maajabu, ila ina mitego. Boliti za kumwagia mara nyingi ni zaidi ya moja. Ukifungua ya katikati tu, lita kadhaa zinabaki pembeni kwenye ekseli. Osha na kausha pande zote za filta kabla ya kuifungua, maana pampu ya haidrostatiki haivumilii mchanga hata chembe. Ukishajaza, washa, pandisha na shusha mikono ya nyuma mara chache, ishushe, zima, kisha pima tena mahali tambarare. Kipimo kitakuwa kimeshuka kwa sababu filta na mabomba yamechukua sehemu yake.

Trekta likiwa bado kwenye garantii, mwachie wakala na utunze karatasi. Miongozo mingi hutaka sevisi ya kwanza mapema, kwenye saa 50 za kazi, halafu kila saa 200 hadi 400. Mtumba ambao mita yake ya saa imekufa hauna historia ya kuaminika: badilisha kila kitu, andika tarehe kwenye bodi, anza kuhesabu upya.

Inabaki oili chafu. Wengi huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, lakini nguzo hazimalizi lita 30, na NEMC, baraza la mazingira, wanaihesabu kuwa taka hatarishi. Karibu na kisima isifike. Andaa madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko kabla hujagusa boliti, na uliza mapema gereji gani mjini inayapokea.